Dhahabu na Funda la Maji: Tahakiki ya Mchezo Mmoja wa Televisheni

Utangulizi

Kisa cha mtu aliyelala akaamka katika zama zisizo zake si kigeni masikioni mwetu. Mtoto wa pwani hukisikia chuoni afikapo katika Sura ya Al-Kahf, yaani Pango: vijana waliokimbia ili kuihifadhi imani yao, wakajificha pangoni pamoja na mbwa wao, wakalala miaka mia tatu na tisa, na walipozinduka wakadhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakristo nao wanakijua kisa cha namna hiyo kwa jina la Walalaji Saba wa Efeso, waliokimbia mateso ya Kaisari Decius katika karne ya 3. Huko Marekani, Washington Irving alitoa mwaka 1819 hadithi ya Rip Van Winkle, mwanakijiji mvivu aliyelala miaka 20 mlimani. Alilala akiwa raia wa Mfalme wa Uingereza, akaamka akiwa raia wa jamhuri. Naye Mwingereza H. G. Wells, katika riwaya yake ya mwaka 1899, alimlaza mtu wake miaka 203, kisha akamwamsha na kumkuta amekuwa tajiri mwenye kumiliki karibu nusu ya dunia, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikizaa riba muda wote aliokuwa usingizini.

Makala haya yanakusudia kuchambua mchezo mmoja wa televisheni wa ukoo huo. Mchezo wenyewe unaitwa The Rip Van Winkle Caper, yaani Hila ya Rip Van Winkle. Ulitungwa na Rod Serling, ukaongozwa na Justus Addiss, na ukaonyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 21 Aprili 1961 katika mfululizo uitwao The Twilight Zone, jina tunaloweza kulifasiri kuwa Ukanda wa Machweo. Ni mchezo mfupi, usiotimiza hata nusu saa, wenye watu wachache na mandhari ya jangwa tupu.

Pengine msomaji atauliza: katika kitabu cha insha za utamaduni wa taifa, mchezo wa Kimarekani watafuta nini? Jawabu si gumu. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alihimiza Watanganyika wazithamini ngoma na mila zao, lakini papo hapo alionya kuwa taifa lisilokubali kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Kujifunza huko si kumeza. Ni kutwaa kitu cha mwenzio, kukipima kwa mizani yako, kisha kusema wazi kipi kimezidi na kipi kimepungua. Vijana wetu leo huona michezo ya namna hii majumbani na hata katika simu za mkononi, nao huiona bila ya kuongozwa. Yafaa basi mwalimu awe na la kuwaambia.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Wengi waliouona mchezo huu huukumbuka kwa kituko chake cha mwisho, pale inapofichuliwa kuwa dhahabu imekuwa takataka. Mimi nasema kiini cha mchezo hakiko mwishoni. Kiko katikati, pale mtu mmoja anapomuuzia mwenziwe funda la maji.

Mtunzi na zama zake

Rod Serling alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la New York. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa miavuli, akapigana Ufilipino, na mauti aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni hata alipofariki mwaka 1975. Mfululizo wa Ukanda wa Machweo ulidumu tangu 1959 hadi 1964, ukawa na michezo 156, na katika hiyo 92 ilitoka katika kalamu yake mwenyewe.

Kwa nini mtu aliyejua vita na dhuluma za kweli akageukia hadithi za kisayansi? Mwaka 1955 kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili huko Mississippi, na waliomuua wakaachiwa na mahakama. Serling alitaka kutunga mchezo juu ya dhuluma ya namna hiyo. Wafanyabiashara waliokuwa wakilipia matangazo katika televisheni wakaogopa kuwaudhi wateja, na mchezo wake ukabadilishwa na kupunguzwa hata ukapoteza maana. Ndipo alipotambua kuwa neno lisiloruhusiwa kusemwa na mtu wa leo huruhusiwa kusemwa na mtu wa nyota nyingine, au wa karne nyingine.

Sisi tuliolelewa katika ushairi wa Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hilo. Mtunzi wetu akitaka kumsema mkubwa humtaja simba, au mti, au jahazi, na mwenye kufahamu hufahamu. Fumbo ni ngao ya msema kweli. Hadithi ya kisayansi kwa Serling ilikuwa ndiyo fumbo lake, na mtu anayeisoma kama utabiri wa mambo yajayo amelichukua fumbo kwa ganda lake.

Muhtasari wa kisa

Watu wanne wameiba matofali ya dhahabu yenye thamani ya dola milioni moja kutoka katika gari la moshi lililokuwa likienda Los Angeles kutoka Fort Knox, ghala kuu ya dhahabu ya serikali ya Marekani. Kiongozi wao ni Farwell, mwanasayansi. De Cruz ni bingwa wa baruti, Brooks ni bingwa wa silaha, na Erbie ni fundi wa mitambo. Wanajificha na mali yao pangoni katika Bonde la Mauti, jangwa la California ambako mwaka 1913 joto liliandikwa kuwa limefika nyuzi 56.7 za Selsiasi. Farwell ametayarisha masanduku manne ya kioo ambamo mwili wa mtu husimama bila kuzeeka wala kuoza. Shauri lao ni kulala miaka mia. Wakiamka mwaka 2061, waliowaibia watakuwa wamekufa, polisi watakuwa wamesahau, nao watatoka kuitumia dhahabu yao kwa raha.

Wanalala, na wanaamka. Kwanza hawaamini kuwa muda umepita. Wanaliendea sanduku la Erbie, na humo wanaona mifupa mitupu: jiwe lilianguka likapasua kioo, na mwenzao akafa zamani.

Kutoka hapo hesabu inaanza kupungua. De Cruz anamgonga Brooks kwa gari na kumuua ili mafungu yawe machache, lakini breki zinashindwa na gari linapotea. Wawili waliobaki wanabeba dhahabu mgongoni na kushika njia kwa miguu. Farwell anapoteza chupa yake ya maji. De Cruz anakubali kumnywesha, ila kwa bei: funda moja, tofali moja. Baadaye anapandisha bei: funda moja, matofali mawili. Farwell anamponda kwa tofali na kumuua. Anaendelea peke yake, akitupa tofali baada ya tofali kwa kuelemewa. Mwishowe anamwona mtu barabarani, anamwomba maji kwa kumpa tofali lake la mwisho, na anakufa kabla ya kujibiwa. Yule mtu anarudi garini kwa mkewe na kushangaa kwamba mzee yule alimpa dhahabu kana kwamba ni kitu cha thamani. Tunaelezwa kuwa ilikuwa na thamani zamani, kabla haijajulikana namna ya kuitengeneza viwandani. Tofali linatupwa.

Dhamira

Dhamira kuu ya mchezo huu, kwa maoni ya wengi, ni ubatili wa tamaa. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma, na mwanafunzi akiliandika hilo katika karatasi ya mtihani hatakuwa amekosea. Lakini hatakuwa amesema mengi. Hadithi elfu zinasema tamaa ni mbaya. Tuulize hii inasema nini zaidi.

Tuitazame bei ya maji. De Cruz hakumnyima mwenzake maji kwa chuki. Alimfanyia biashara. Alitambua kuwa bidhaa ni moja, mwenye nayo ni mmoja, na mnunuzi hana pa kwenda. Akapanga bei, alipoona imelipwa, akaipandisha. Hapa Serling ametuonyesha soko lote katika watu wawili na chupa moja. Jambo la kutisha ni kwamba biashara hiyo haina udanganyifu hata kidogo. Mizani ni sawa, bei imetajwa, mnunuzi amekubali. Kilichokosekana ni utu tu.

Tuitazame tena, kwa upande wa muuzaji. De Cruz naye yumo katika jangwa lile lile, chini ya jua lile lile. Kila funda analouza lapungua katika uhai wake mwenyewe, na kila tofali analolipokea laongezeka katika mzigo wake. Anauza kinachomweka hai na kununua kinachomchosha, na bado anajiona amepata faida. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi faida inavyoweza kuwa hasara iliyovaa nguo nzuri.

Kisha tuitazame dhahabu yenyewe. Katika safari yao baada ya kuamka dhahabu hainunui nyumba, wala nguo, wala chakula. Inanunua mafunda ya maji kwa muuaji, halafu inafanya kazi moja tu yenye kufanikiwa: kazi ya jiwe. Farwell aliiba dhahabu, akailaza miaka mia, akaitembeza jangwani, na mwisho akaitumia kama mtu wa kale alivyotumia jiwe la kwanza alilookota. Sayansi yake yote imempeleka huko.

Hapo ndipo ninapodai kuwa kiini cha mchezo kiko katikati. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hili rahisi. Ondoeni mandhari ya mwisho, ile ya mtu na mkewe. Je, mchezo unabaki na maana? Unabaki. Farwell angekufa kwa kiu hata kama dhahabu ingalikuwa na thamani mara kumi. Sasa rudisheni mwisho, mwondoe biashara ya maji. Je, mchezo unabaki? Haubaki, unakuwa mzaha wa mtu aliyelala akapitwa na habari. Sehemu ambayo mchezo hauwezi kusimama bila yake ndiyo nguzo.

Yafaa pia kuulinganisha mchezo huu na kisa cha Watu wa Pangoni. Wale vijana walipoamka waliona njaa, wakamkabidhi mmoja wao fedha yao aende mjini kuwatafutia chakula kilicho safi. Wafasiri husimulia kuwa ni ile sarafu ya kale iliyowafichua, kwa kuwa ilikuwa na chapa ya mtawala aliyekwisha sahauliwa. Basi huko nako fedha imepitwa na wakati. Lakini vijana wale hawakudhurika. Walimpa mwenzao fedha, na hakuna aliyeogopa kuwa atakimbia nayo. Wezi wa Serling wasingeweza kufanya hivyo. Katika wanne hao hakuna hata mmoja ambaye wenziwe wangemtuma dukani. Vijana wa pangoni waliingia usingizini na uaminifu wao, na uaminifu haukuchakaa. Wezi waliingia na dhahabu pamoja na shaka, na vyote viwili vikaamka pamoja nao.

Kwa njia hiyo Serling anamjibu pia Wells. Katika riwaya ya Wells mtu analala na mali yake inakua. Kwa Serling mtu analala na mali yake inakufa. Wote wawili wanasema jambo moja: mali ni mapatano ya watu walio macho. Aliyelala hana usemi katika mapatano hayo.

Wahusika

Wahusika wa Serling wamechorwa kwa mistari michache, na katika mchezo mfupi hiyo si dosari. Kila mmoja ametajwa kwa ujuzi wake: sayansi, baruti, silaha, mitambo. Msomaji aone kuwa huu ni ushirika uliotimia. Kila mtu ana kazi yake, na kila kazi ilihitajika ili wizi ufaulu. Kumbe ushirikiano peke yake si jambo jema wala baya. Hutegemea umekusudia nini. Wezi nao hushirikiana hadi siku ya kugawana.

Farwell ndiye mwenye kustahili kuchunguzwa zaidi. Si jambazi wa kawaida. Amevumbua kitu ambacho kingeweza kuwahifadhi wagonjwa hadi ipatikane dawa ya maradhi yao. Uvumbuzi huo peke yake ulikuwa hazina kubwa kuliko dhahabu yote ya lile gari la moshi. Lakini hakuuona hivyo. Aliuona kuwa ni kufuli la kufichia mali ya wizi. Hii ndiyo huzuni ya mchezo, na mtunzi hakuisema kwa maneno. Ametuachia tuione wenyewe. Elimu ilikuwa mikononi mwake, naye akaitumikisha.

De Cruz ni mtu wa nguvu na wa papo hapo. Anaua haraka, anahesabu haraka. Tofauti yake na Farwell mwanzoni yaonekana kubwa: mmoja msomi, mwingine mkatili. Jua linapozidi tofauti hiyo inayeyuka. Msomi anaua kwa mkono wake, kwa tofali. Serling hakutaka tuamini kuwa elimu humtakasa mtu mwenye nia chafu.

Fani

Mandhari ya jangwa imechaguliwa kwa hekima. Jangwani hakuna cha kununua. Mtu na mali yake wamewekwa uso kwa uso, bila duka wala benki wala polisi kati yao. Kila kitu kinachoonekana kina maana: kioo kilichopasuka, chupa ya maji, tofali, mchanga.

Mifupa ya Erbie yastahili kutajwa peke yake. Wenziwe walitaka ushahidi kuwa karne imepita. Saa haikutosha, wala nyuso zao ambazo hazikuzeeka. Aliyewathibitishia ni maiti. Wakati wenyewe hauonekani. Huonekana kwa kile ulichokila. Na wale watatu walipouona ushahidi huo hawakumlilia mwenzao.

Uzito nao umetumika kama lugha. Mwalimu wa hisabati anaweza kusaidia hapa. Mwaka 1961 serikali ya Marekani ilihesabu dhahabu kwa dola 35 kwa aunsi, bei iliyowekwa tangu 1934. Kwa bei hiyo dola milioni moja ni aunsi 28,571, nazo ni karibu kilo 889. Kama matofali hayo yalikuwa ya kadiri ya yale ya akiba za mabenki, kila moja lilikuwa na kilo 12 na nusu hivi. Mtu akibeba manne tu amebeba kilo 50, yaani nusu gunia la mahindi, mgongoni, katika joto la Bonde la Mauti. Kila tofali analolitupa Farwell njiani ni hatua chache za uhai alizojinunulia. Huo ndio ununuzi wa pekee wa busara alioufanya, na ameufanya akiwa amechelewa.

Kasoro

Mchezo mzuri hauogopi kuhesabiwa kasoro zake, na huu unazo.

Kwanza, mwisho wake unazungumza mno. Maneno ya mume na mke yanaeleza kwa sauti jambo ambalo picha ya tofali likitupwa mchangani ingetosha kulieleza. Baya zaidi, mwisho huo unampa mtazamaji mahali pa kukimbilia. Badala ya kwenda nyumbani akijiuliza, je, mimi ningemuuzia mwenzangu maji, anakwenda akicheka kwamba wezi walikosea hesabu. Kicheko kimemwokoa na swali.

Pili, watu wa mwaka 2061 hawakuchorwa. Tumeonyeshwa gari jipya, hatukuonyeshwa mtu mpya. Je, katika dunia ile ambako dhahabu ni bure, maji ni ya nani? Watu huthamini nini? Mtunzi aliyethubutu kuruka miaka mia alikuwa na wajibu wa kutuambia walau kidogo. Mwanamke wa pekee tunayemsikia kutoka dunia hiyo amepewa maneno machache ya kukumbuka bei ya zamani.

Tatu, na hii kwangu ndiyo kubwa, hakuna mchimbaji. Dhahabu inaanza katika gari la moshi kana kwamba iliota humo. Waliokwenda chini ya ardhi kuitoa hawatajwi. Mtunzi anatuambia kuwa thamani ya dhahabu ilikufa siku ilipoweza kutengenezwa viwandani. Lakini jasho la waliolichimba tofali lile lilikuwa limemwagika tayari, na halikurudi. Tahakiki ya mali isiyotaja kazi ni nusu ya tahakiki.

Wako watakaotaja kasoro ya nne, kwamba utabiri umekosea. Kweli, mambo hadi sasa yamekwenda kinyume. Mwaka 1971 Marekani iliacha kubadilisha dola yake kwa dhahabu. Bei ikaachiliwa, na mwaka 2020 ilivuka dola 2,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza. Wezi wale wangaliamka mwaka huo, wangalikuwa na zaidi ya dola milioni 57. Kuhusu kutengeneza dhahabu, wataalamu wa Berkeley, California, akiwamo Glenn Seaborg, mwaka 1980 waliigeuza madini ya bismuthi kuwa dhahabu, lakini kwa chembe ndogo mno na kwa gharama iliyozidi sana thamani ya kilichopatikana. Hata hivyo siihesabu hii kuwa kasoro. Fumbo halihukumiwi kwa kalenda.

Mchezo huu na sisi

Jambo la kitu cha thamani kugeuka kuwa cha bure si la kubuni. Historia yetu inalijua. Katika karne ya 19 simbi za pwani yetu zilibebwa kwa meli kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha halali. Wafanyabiashara wa Ulaya walizimwaga huko kwa wingi mno, thamani yake ikaanguka, na aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake katika mitungi ya simbi akajikuta ana mitungi ya makombe. Huyo hakulala miaka mia. Alikuwa macho, akilima na kuuza, na mali yake ikafa mbele ya macho yake.

Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita, walipiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Baada ya miaka michache rupia ikafutwa, ikaja shilingi. Leo sarafu ile hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, wala huwezi kuipeleka sokoni kununulia unga.

Mfano wa tatu uko jikoni mwetu. Alumini ilikuwa madini ya fahari: Wamarekani walipoumaliza mnara wa kumbukumbu ya Washington mwaka 1884, kilele chake walikivika alumini. Miaka miwili baadaye Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waligundua njia rahisi ya kuipata. Sasa ndiyo sufuria tunayopikia maharage. Lakini tuone tofauti. Alumini iliposhuka bei haikugeuka takataka, iligeuka chombo. Ilipoteza thamani ya kuonewa fahari ikapata thamani ya kufaa. Serling alipolitupa tofali mchangani alisahau kuuliza kama lingeweza kuwa sufuria.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha ni matunda ya maendeleo wala si shina lake, na kwamba shina ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mengi yamebadilika tangu siku hizo, na siasa za uchumi wetu zimegeuka. Fundisho hilo bado linapimika jangwani kwa Farwell: alikuwa na fedha, hakuwa na watu.

Nasema haya si kwa vitabu peke yake. Katika utumishi wangu nimepata kukaa katika wilaya yenye machimbo ya dhahabu. Huko nimeona maji yakiuzwa kwa dumu kwa bei inayopanda kila kisima kinapokauka, na anayenunua ni mchimbaji aliyetoka shimoni na kiroba chake cha mawe. Nimeona pia daftari la mahudhurio la shule likiwa na majina ya wavulana yaliyokatwa kwa mstari, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa wenyewe wamekwenda machimboni. Siwalaumu vijana hao kwa kuitaka riziki. Baadhi yao walikuwa wakilisha ndugu zao. Lakini nilipouona mchezo huu kwa mara ya pili, ni lile daftari lililonijia. Farwell alikuwa na elimu akaiuza kwa dhahabu. Kijana wetu anaiacha elimu kabla hajajua bei yake.

Hitimisho

Hila ya Rip Van Winkle ni mchezo mdogo wenye jambo kubwa. Umefaulu katika mandhari, katika uchaguzi wa vitu na katika ile biashara ya maji ambayo mtu akiiona mara moja haisahau. Umepungukiwa katika mwisho wake wenye maneno mengi, katika watu wake wa baadaye wasio na sura, na katika kuwasahau wachimbaji. Yote mawili yafaa kufundishwa.

Nashauri walimu wasiishie kuwauliza wanafunzi mchezo unatufundisha nini, kwa maana jawabu litakuwa tamaa ni mbaya, na kengele itagongwa. Wawape wauandike upya kwa Kiswahili, uwe tamthilia ya kuigizwa, na wamwongeze mhusika mmoja aliyekosekana: mchimbaji aliyelitoa tofali lile ardhini. Wamlaze naye miaka mia. Wamwamshe. Kisha wasikilize atasema nini atakapowakuta wawili jangwani wakipatana bei ya funda la maji kwa kitu alichokichimba yeye.